Saa Tisa na Dakika 36 Alasiri

Mwaka 1960 New York Yankees na Pittsburgh Pirates walikutana kwenye World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, ambayo huchezwa hadi timu moja ishinde mechi nne. Zilichezwa saba. Ukijumlisha pointi za mechi zote, Yankees walipata 55 na Pirates 27. Yankees walishinda 16–3, wakashinda 10–0, wakashinda 12–0. Kombe likabaki Pittsburgh. Mchezaji bora wa fainali akachaguliwa Bobby Richardson wa Yankees, na mpaka leo hajatokea mwingine aliyepewa tuzo hiyo akiwa upande wa walioshindwa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipandisha ndege. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, nimekulia Tanga kati ya Coastal Union na African Sports, na kwetu timu iliyofungwa 12–0 haitembezwi mjini kwa shangwe wiki hiyohiyo. Besiboli haijali. Kila mechi inazikwa na pointi zake, na Pirates walishinda nne zao kwa kubana: 6–4, 3–2, 5–2, na ya mwisho 10–9. Hiyo ya mwisho ilipigwa tarehe 13 Oktoba 1960, na kila mwaka tarehe hiyo watu wa Pittsburgh hukusanyika kuisikiliza upya. Nikapanga safari yangu iangukie hapo.

Uwanja wenyewe, Forbes Field, haupo tena. Ulifunguliwa Juni 1909, ukafungwa Juni 1970, mwaka uliofuata ukabomolewa, na Chuo Kikuu cha Pittsburgh kikajenga juu yake. Kilichosalia ni kipande cha ukuta wa nyuma katika mtaa wa Oakland: matofali mekundu, mimea iliyotambaa, mlingoti wa bendera, na namba zilizochorwa ukutani, 457 na 436. Hizo ni futi kutoka pale anaposimama mpigaji. Futi 457 ni karibu mita 140. Nilisimama chini ya namba ile nikatazama upande ulikokuwa uwanja, nikaona maktaba na majengo ya madarasa, na bado umbali ule ulinishinda kuukadiria.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji anasubiri na rungu, akiupata mpira anakimbia kupitia vituo, na akifanikiwa kurudi alipoanzia timu yake imepata pointi moja. Zamu ni tisa. Ukiupiga mpira ukavuka ukuta, hiyo ni homurani; hukimbizwi na mtu, unazunguka taratibu huku ukishangiliwa. Mengine nitayaeleza yakifika.

Watu walianza kuja kabla ya saa saba mchana, na viti vya kukunja, mablanketi ya kufunika magoti na kofia nyeusi zenye herufi P ya njano. Walikuwa wazee wengi, wajukuu waliovutwa mkono, na vijana wa chuo waliokuwa wakipita wakaona mkusanyiko. Hakuna kiingilio. Mkazi mmoja wa mji alianza jambo hili mwaka 1985, peke yake, na kinasa sauti chake chini ya ukuta. Wengine wakamfuata mwaka hadi mwaka. Saa saba kamili spika zikaanza kutoa matangazo ya redio ya mechi ile, kuanzia mrusho wa kwanza, bila kukatwa. Yamepangwa kwa wakati ili tukio la mwisho lisikike dakika ileile lilipotokea.

Sisi tuliokulia kwenye mechi za Radio Tanzania tunaijua raha ya kuona kwa masikio. Na Pittsburgh ina haki ya kujidai hapo: mechi ya kwanza ya besiboli kutangazwa redioni ilitangazwa na Harold Arlin wa kituo cha KDKA, tarehe 5 Agosti 1921, akiwa ndani ya Forbes Field hiyohiyo. Pirates waliwafunga Phillies 8–5.

Mzee aliyekaa karibu nami, koti jeusi limemjaa beji za miaka tofauti, aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomjibu alinisogezea nusu ya blanketi lake kama vile nimetaja ugonjwa. Mwaka 1960 alikuwa mwanafunzi wa shule ya kanisa. Mtawa aliyewafundisha hesabu aliweka redio juu ya meza, akasema watahesabu pointi.

Pirates walianza kwa kuongoza 4–0. Yankees wakarudi, wakapita, ikawa 7–4 kwao. Hapo kwenye viti kulitulia kidogo, watu wakafungua vyakula vyao, ingawa kila mmoja anajua itakavyokuwa. Zamu ya nane Bill Virdon wa Pirates akapiga mpira wa chini uliokuwa unaelekea moja kwa moja mikononi mwa Tony Kubek wa Yankees. Ulikuwa mpira wa kawaida kabisa, wa kuwatoa watu wawili kwa mkupuo. Ukagonga kokoto, ukaruka, ukampiga Kubek kooni. Alianguka, akatolewa nje, na Pirates wakapumua. Mwanamke mmoja nyuma yetu aliinua juu kokoto aliyoiokota barabarani, watu wakampigia makofi. Nadhani hufanya hivyo kila mwaka. Dakika chache baadaye Hal Smith akapiga homurani ya pointi tatu, ikawa 9–7.

“Huyu ndiye aliyestahili sanamu,” mzee aliniambia. “Lakini nani anamkumbuka?”

Hakuna aliyemkumbuka kwa sababu Yankees, walipopata zamu yao ya mwisho, walisawazisha 9–9. Nusu ya pili ya zamu ya tisa akaingia Bill Mazeroski wa Pirates, mtu aliyesifika kwa kudaka kuliko kupiga. Mrushaji alikuwa Ralph Terry. Mrusho wa kwanza aliuacha upite. Wa pili ukapaa upande wa kushoto, Yogi Berra akaufuata hatua chache, kisha akageuka kuondoka. Ilikuwa saa tisa na dakika 36. Hakuna mechi nyingine ya saba ya World Series iliyomalizwa kwa homurani, wala kabla wala baada yake.

Raha ya kusikiliza ule mkanda ni kwamba mtangazaji, Chuck Thompson, alipagawa kama sisi. Alimtaja mrushaji asiye yeye, Art Ditmar, ambaye wakati huo hakuwa hata mchezoni, kisha akatangaza kwamba Pirates wameshinda kumi bila, kabla ya kujisahihisha kuwa ni kumi kwa tisa. Pale ukutani watu wanayajua makosa hayo kwa moyo. Wanayasubiri. Jina la Ditmar lilipotoka kwenye spika walilipigia kelele za furaha kuliko walivyoipigia homurani yenyewe, na mzee wangu akanipiga begani mpaka kahawa ikamwagika.

Kuna filamu ya mechi hiyo pia, na historia yake ni ya ajabu. Mwimbaji Bing Crosby alikuwa mmoja wa wamiliki wa Pirates, na alikuwa mwoga wa kutazama mchezo wa moja kwa moja, akiamini anaiharibia timu bahati. Akaenda Paris. Lakini aliagiza mechi irekodiwe kutoka kwenye televisheni, ili aitazame endapo itaisha vizuri. Iliisha vizuri. Mikanda ikakaa kwenye stoo ya mvinyo nyumbani kwake California hadi mwaka 2009 ilipogunduliwa, miaka 32 baada ya kifo chake. Katika taifa zima hapakuwa na nakala nyingine kamili inayojulikana. Yaani mechi ambayo wengi huihesabu kati ya zilizo kubwa kuliko zote ilisalia kwa sababu ya ushirikina wa tajiri mmoja.

Ukuta ule alioupitishia Mazeroski mpira nao haupo tena pale. Kuna bamba tu kwenye njia ya waenda kwa miguu linaloonyesha ulipopita. Kituo alichorudi kukikanyaga kiko ndani ya jengo la chuo liitwalo Posvar Hall, kimewekwa sakafuni chini ya kioo. Wanafunzi walikuwa wanakikanyaga wakiwahi vipindi. Mmoja alisimama juu yake akiandika ujumbe kwenye simu hadi nikaona aibu kumsubiri.

Kesho yake niliita gari kwenda Hill District, kitongoji cha Weusi kilicho mlimani juu ya katikati ya mji. Dereva alikuwa mtu mzima kidogo kunishinda. Alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akaniangalia kwenye kioo.

“Kaka, wewe ni wa Kenya?”

“Tanga.”

“Tanga ya Handeni?”

Akahamia Kizigua papo hapo, na mimi nikamjibu kwa kile nilichoachiwa na bibi, ambacho si kingi. Ni Mbantu wa Somalia. Wazee wake walichukuliwa kutoka pwani yetu karne ya 19, wakaishia bonde la mto Juba, na lugha wakabaki nayo. Vita vya miaka ya tisini viliwatoa huko, wakakaa kambi za Kenya, halafu Marekani ikawapokea. Pittsburgh ni mojawapo ya miji waliyoletwa. Kuhusu besiboli alisema kitu kimoja: siku za mechi barabara za mtoni hufungwa na hupati abiria mpaka saa nne usiku, halafu unawapata wote pamoja, wamelewa.

Nilimwomba anipitishe Bedford Avenue. Hapo, mwaka 1932, Gus Greenlee alijenga uwanja kwa fedha za bahati nasibu ya namba, biashara ambayo polisi waliijua na wateja waliipenda. Timu yake ilikuwa Pittsburgh Crawfords. Wakati huo Ligi Kuu ya besiboli haikuchukua Weusi, si kwa kanuni iliyoandikwa ila kwa makubaliano ya wenye timu, hivyo Weusi walikuwa na ligi zao, na Pittsburgh ilikuwa na timu mbili kati ya zilizo bora kuliko zote: Crawfords na Homestead Grays. Katika miaka hiyo jezi ya Crawfords ilivaliwa na Satchel Paige, Josh Gibson, Cool Papa Bell, Oscar Charleston na Judy Johnson, wote watano leo wakiwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Tarehe 4 Julai 1934, kwenye uwanja huu, Paige aliwarushia Grays mechi nzima bila mtu hata mmoja kuupata mpira kwa pigo la halali, na akawatoa wapigaji 17.

Sasa jaribu kuuona uwanja huo. Mwaka 1938 ulibomolewa, zikajengwa nyumba za kupanga. Hapakubaki ukuta, hapana kioo cha kukanyaga. Wala mkanda wa redio wa Julai 4 ya Paige wa kuweka kwenye spika. Tulipita taratibu mbele ya majengo ya ghorofa ya matofali, watoto wakirudi shule na mabegi, dereva akiniuliza ni wapi hasa, nami nikimwonyesha kwa mkono mpana. Kwenye barabara hiyohiyo ipo nyumba aliyozaliwa mwandishi wa tamthilia August Wilson, namba 1727, nayo imekarabatiwa vizuri. Katika *Fences* Wilson alimweka mzee aliyewahi kucheza ligi za Weusi, sasa mzoa taka, mwenye uchungu usiomwisha. Ukisimama Bedford Avenue unamwelewa haraka.

Josh Gibson aliletwa Pittsburgh utotoni kutoka Georgia, baba yake akifuata kazi ya chuma. Alikuwa mdakaji, na alipiga mpira kwa namna ambayo waliomwona walishindana kuisimulia. Alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson, Mweusi mwenzake, aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn ya Ligi Kuu na mlango ukawa wazi.

Gibson amezikwa makaburi ya Allegheny, mtaa wa Lawrenceville. Ni makaburi makubwa kama mji, yana barabara na milima yake, na bila ramani ya ofisini nisingelipata. Kwa miaka 28 kaburi halikuwa na alama yoyote. Jiwe liliwekwa 1975, na ni dogo. Juu yake mtu alikuwa ameacha mpira uliolowa mvua, nyuzi zake nyekundu zimeanza kuachia. Tayari alikuwa kwenye jumba la heshima tangu 1972, miaka mitatu kabla ya kuwa na jiwe.

Mei 2024 Ligi Kuu iliziingiza takwimu za ligi za Weusi kwenye daftari lake. Ndani ya siku moja Gibson akawa mpigaji mwenye wastani bora wa maisha yote ya mchezo, .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367. Wastani wake wa mwaka 1943, .466, ukawa bora kwa msimu mmoja. Wapo walionuna, wakasema mechi za Gibson zilikuwa chache mno kulinganishwa. Ni kweli zilizohesabiwa ni chache, na sababu yake ndiyo yenye kuuma: nyingi alizocheza zilikuwa za kuzungukazunguka kutafuta riziki, mji hadi mji, nje ya ratiba ya ligi, na hizo hazimo. Zilizoingia zimekusanywa na watu waliopekua magazeti ya zamani, hasa ya Weusi, kama *Pittsburgh Courier* la mji huuhuu. Palipokuwa na mwandishi, pigo limehesabiwa. Palipokosekana, mpira ulivuka ukuta ukaenda zake. Nami nina la kununia kwa ajili ya Gibson na wenzake: klabu ya Pirates iliweka sanamu saba za mashujaa wa ligi za Weusi kwenye uwanja wake mwaka 2006, ikaziondoa 2015. Sanamu za mashujaa wake yenyewe ziko nje, zinang'aa.

Kuna siku nyingine kubwa ya mji huu iliyopita karibu bila shahidi. Tarehe 1 Septemba 1971 kocha Danny Murtaugh alipanga kikosi cha kuwakabili Phillies: Stennett, Clines, Clemente, Stargell, Sanguillén, Cash, Oliver, Hernández, na mrushaji Dock Ellis. Wote tisa walikuwa Weusi, wa Marekani na wa nchi za Karibi na Amerika ya Kati. Haikuwahi kutokea katika Ligi Kuu. Al Oliver alisimulia kwamba waligundua mchezo ukiwa umeshaanza. Walipotazamana ndipo walipoona. Walishinda 10–7. Asubuhi yake hakuna gazeti la Pittsburgh lililoandika, kwa kuwa magazeti ya mji yalikuwa kwenye mgomo. Oktoba timu hiyo ikatwaa ubingwa. Uwanja wa siku hiyo, Three Rivers, uliangushwa kwa baruti mwaka 2001. Nilikwenda. Ni maegesho ya magari, na mlinzi aliniuliza ninatafuta nini.

Katika wale tisa, mmoja ndiye mwenye daraja. Roberto Clemente alitoka Carolina, Puerto Rico, akaanza na Pirates mwaka 1955. Waandishi walimwita Bob kwa kuwa Roberto liliwachosha; alikataa, akawasahihisha miaka nenda rudi. Waliandika Kiingereza chake jinsi kilivyotamkwa ili wasomaji wacheke. Aliposhinda ubingwa wa 1971, mbele ya kamera za taifa zima, aliomba kwanza aongee Kihispania, akawaomba wazazi wake baraka. Hapo ndipo mimi nilipompendea. Tarehe 30 Septemba 1972 alipata pigo lake la 3,000, likawa la mwisho katika msimu wa kawaida. Desemba tetemeko likaibomoa Managua. Misaada ikawa inaibiwa njiani, na Clemente akaamua kuipeleka mwenyewe ili isiguswe na mtu. Ndege ilianguka baharini usiku wa kuamkia mwaka mpya, muda mfupi baada ya kuruka San Juan. Mwili haukupatikana. Mdakaji Manny Sanguillén hakuhudhuria ibada ya kumbukumbu. Alikuwa na wazamiaji, akimtafuta rafiki yake chini ya maji.

Daraja la njano linalovuka mto Allegheny kuelekea uwanja wa sasa, PNC Park, lina jina lake, na ukuta wa kulia, upande aliokuwa akiucheza enzi zake, una urefu wa futi 21, namba ya jezi yake. Nilivuka kwa miguu. Msimu ulikuwa umekwisha na milango imefungwa, jambo ambalo watu wa hapa wamelizoea: kuanzia 1993 Pirates walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Nuksi hiyo ilikatika 2013, na kwenye mechi ya Oktoba mashabiki walivaa nyeusi wote, wakaanza kumwimbia mrushaji wa Cincinnati jina lake, “Cue-to, Cue-to,” kwa kumkejeli, mpaka mpira ukamponyoka mkononi. Mrusho uliofuata Russell Martin akaupeleka kwa mashabiki. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyopaswa.

Dereva alinifuata chini ya sanamu ya Clemente kunipeleka uwanja wa ndege. Nilimwambia kwamba mchezaji wa kwanza wa Ligi Kuu mzaliwa wa bara letu alianzia hapa hapa, nyuma ya geti hili, tarehe 26 Aprili 2017.

“Wa wapi?”

“Afrika Kusini. Gift Ngoepe. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwenye klabu ya besiboli huko Randburg, wakaishi chumba cha palepale uwanjani.”

Nikamwonyesha kwenye simu: Ngoepe anaingia katikati ya mchezo, anamkabili Jon Lester wa Chicago Cubs, na mara yake ya kwanza kushika rungu kwenye Ligi Kuu anaupiga mpira katikati na kufika kituo cha kwanza. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne kabla. Hakudumu sana, mwaka uliofuata alikuwa Toronto, na huko ndiko Ligi Kuu ilikomwishia. Nikaongeza kwamba Pirates wamemsajili pia David Matoma, mrushaji wa Uganda.

Dereva aliirudia video. Akauliza analipwa kiasi gani mtu kama huyo. Nilimwambia kima cha chini mwaka ule kilikuwa dola 535,000 kwa msimu.

Akanirudishia simu, akafunga mkanda, akaliwasha gari, akalizima.

“Kaka,” alisema, “mwanangu ana miaka kumi na moja, na kila wiki naitwa shuleni kwa ajili ya kurusha mawe. Hilo rungu linauzwa duka gani?”